Ombi la Kumtoa Mama Mkwe Wangu Kwenye Chupa

Bujumbura, Oktoba 1998

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Kiwanda cha Vinywaji Baridi,
Zone Industrielle.

Kuhusu: jina mlilolibandika kwenye kinywaji chenu

Bwana Mkurugenzi, unayeheshimika kuanzia lango la kiwanda hadi huku nilipo,

Salamu nyingi kwako, kwa familia yako na kwa mashine zako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeme upo na sukari imepatikana. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Naitwa Adolphe. Kwetu ni Uvira, ng'ambo ya ziwa, lakini nimeishi hapa Bujumbura miaka ya kutosha kuoa, kuzaa na kuzoea foleni ya mafuta. Kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu kwenye forodha pale bandarini, ingawa tangu nchi jirani zitufungie mipaka kwa hii wanayoiita ambago, mizigo imekuwa hadithi na mimi nimekuwa mtu mwenye nafasi kubwa ya kufikiri. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu barua yangu ya kwanza, niliyoiandika kwa Kifaransa, ilirudishwa na sekretari wako, Madamu Prudence, ikiwa imesahihishwa kwa kalamu nyekundu na haina jibu. Mfikishie shukrani zangu kwa masahihisho.

Shida yangu ni kinywaji chenu kile cha matunda ya marakuja. Tafadhali usinitake nikitaje. Jina lililo kwenye chupa ni jina la mama mkwe wangu, mama mzazi wa mke wangu Carmen, na mimi ni mkwe niliyelelewa. Kwetu mwanamume hatamki jina la mama mkwe wake. Hata hapa Burundi wazee wanaijua heshima hii, ingawa vijana wa mjini wanajifanya wameisahau. Siku moja polisi walimwuliza baba yangu jina la bibi yetu, mzaa mama, kwa ajili ya kitambulisho. Baba aliwaomba wangoje, akatoka nje, akaenda kumwita jirani aje kulisema. Mimi ni mtoto wa baba huyo. Kwa hiyo katika barua hii, kila panapohitajika jina hilo nitaweka nukta. Zijaze mwenyewe, maana wewe ndiye uliyelichapa.

Kwanza nieleze jinsi jina lilivyoingia kwenye chupa, kwa sababu nasikia matangazo yenu redioni yanasema lilichaguliwa na wataalamu. Hapakuwa na mtaalamu yeyote.

Mwaka ule wa kwanza wa ambago, sharubati yenu ya kigeni ilikwama Kigoma, na lebo mpya zilizochapishwa nje zikakwama pamoja nayo. Ninyi, kwa akili ambayo siwezi kuikana, mkanunua marakuja na ndimu za wakulima wa Ruziba, mkatengeneza kinywaji, mkakimimina kwenye chupa zozote mlizozipata, nyingine za kijani, nyingine za kahawia, nyingine shingo fupi kama zimeshtuka. Lebo hazikuwapo. Nimeambiwa kinywaji hicho mlikiita Soleil Royal, lakini jina hilo mlilijua ninyi wenyewe mliokaa ofisini.

Mama mkwe wangu alikuwa, na bado ni, muuzaji wa vinywaji karibu na lango la bandari. Ana sanduku la barafu, ana kiti, na ana sauti ambayo wabeba mizigo wenye mabega mapana kama milango wakiisikia wanajipanga mstari. Wauzaji wengine walizikataa chupa zenu zisizo na maandishi. Wakati kama huu mtu hanywi kitu asichokijua. Yeye akazipokea. Watu walipozizunguka na kuulizana kama ni dawa au ni sumu, alifungua moja, akainywa mbele yao mpaka mwisho, akapangusa mdomo, akasema: "Mi nimekunywa, na mi sikufa. Mwenye kuogopa arudi kwake." Hakuna aliyerudi kwake. Siku hiyohiyo wakaanza kuambiana twende tukanywe ile ya ........ Haukupita muda, likabaki jina tupu. Kufika Krismasi, mtu yuko Bwiza, ambako mama mkwe wangu hajawahi kuuza hata kizibo, anaingia dukani na kusema: "Uko na ....... ya baridi?" Na anapewa.

Ulipoona hakuna binadamu anayeulizia Soleil Royal, ukachapa lebo hapahapa mjini, ukaweka jina lake kwa herufi nyekundu na juu yake picha ya mwanamke. Ukalipaka pia kwenye ukuta wa kiwanda, kwenye malori na kwenye miavuli ya wauzaji. Mimi sikuulizwa. Nakubali kwamba jina si langu. Lakini wewe, mtu mzima na mwenye elimu, hukukumbuka kwamba jina la mwanamke wa umri ule lina wakwe?

Baada ya maelezo hayo, naweka malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Siwezi kuagiza. Nikiingia mahali pa kunywa nalazimika kunyoosha kidole, na frigo ikiwa imefungwa sijui ninyooshe wapi. Siku moja nilikuwa na mgeni kutoka Uvira aliyetaka kukionja. Nikajikaza, nikamwambia mhudumu kwa upole kwamba tunataka ile ya rangi ya njano, yenye mwanamke. Mhudumu akanijibu kwamba pale ni pahali pa watu wa heshima na nyuma yake kuna kanisa. Mgeni wangu alikunywa chai.

2. Nasikia maneno ambayo hakuna mkwe anayestahili kuyasikia. Nikiwa njiani kwenda kazini, mtu anamwambia mwenziwe: "....... ya leo imepoa, aina gesi." Mwingine anajibu kwamba yeye hapendi ....... ikiwa imekaa juani. Arusini nimemsikia mwenyekiti wa kamati akilalamika kwamba ....... zimekwisha na aliyezimaliza ni upande wa bwana arusi. Padri wetu mwenyewe, mtu wa Mungu, alitangaza baada ya misa kwamba watakaobaki kufagia kanisa watapewa kila mmoja ....... moja. Waumini wakapiga makofi. Mimi katika hali hizo hugeuka na kutazama ukuta, lakini kuta nazo mmezipaka.

3. Siwezi kunywa. Bwana Mkurugenzi, hebu jiweke mahali pangu. Nimfungue kwa meno kama wanavyofanya vijana wa sokoni? Niweke mdomo wangu kwenye shingo yake? Nikishiba nimwache nusu mezani, inzi wamtembelee? Na chupa ikiisha, nimrudishe kwenye kreti pamoja na wengine, kichwa chini? Kwa sababu hiyo, tangu kinywaji hiki kitoke sijaonja hata tone. Mama mkwe wangu anaponikaribisha nyumbani kwake Buyenzi na kuniwekea chupa mbele yangu, mimi huigeuza taratibu ili picha itazame upande mwingine, halafu naomba maji. Sina shaka kwamba adabu hiyo ameiona na ameithamini. Wakwe wa namna hii wamebaki wachache.

4. Mmeingia hata ndani ya nyumba yangu. Mwanangu Prodige alichelewa kusema. Tulingoja sana, na kwa siri nilikuwa namfundisha neno "baba" kila mama yake akitoka. Siku lori lenu lilipopita mbele ya nyumba, mtoto alinyoosha mkono akatamka jina la bibi yake, lote, bila kukosea. Carmen alicheka mpaka akakaa chini. Mimi ningefurahi pia, lakini ilinibidi nimkemee mtoto kwa adabu mbaya na papo hapo nikumbuke kwamba yeye ni mjukuu na ana ruhusa.

5. Mnajiharibia biashara. Hili nalisema kwa faida yako. Mama mkwe wangu ana mabinti watatu walioolewa, kwa hiyo wakwe watatu hawawezi kuagiza. Lakini si yeye peke yake mwenye jina hilo. Katika Burundi yote, na Kongo yote, wapo akina ....... wengi waliobatizwa na masista, na kila mmoja ana mabinti, na kila binti ana mume. Sasa fikiri: ni nani anayenunua vinywaji kwenye posa, kwenye arusi, kwenye ubatizo na kwenye kuondoa matanga? Ni mkwe. Umejenga kiwanda, ukaweka mashine, ukatafuta sukari kwa taabu ya ambago, ukatengeneza kinywaji ambacho mnunuzi wake mkuu hawezi kukitaja. Hata adui yako asingekushauri hivyo.

6. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Kwa kuwa bandarini hakuna mizigo, nilikubali kumsaidia mama mkwe wangu kupeleka kreti za kinywaji hicho kwenye arusi kule Ruziba. Gari lilikuwa pikapu ya Shaabani, mbeba mizigo wa zamani aliyejinunulia gari na sasa anajiita msafirishaji. Tulifika kwenye bariyeri ya wanajeshi mchana kweupe. Shaabani akashuka kwenda kujisaidia migombani. Mwanajeshi akaja upande wangu, akauliza nini kiko chini ya turubai. Nikasema vinywaji. Akauliza: "Vinywaji gani?" Nikasema vya marakuja. Akauliza kama vina jina. Nikasema vinalo, tena zuri. Akasema: "Sasa sema!" Nikamwomba kwa heshima zote ajisomee mwenyewe.

Kumbe hajui kusoma. Alidhani namcheka.

Wewe unaijua hali ya nchi hii. Wakati wa vita, mtu anayekataa kutaja kitu alichokibeba hana mtetezi. Nilishushwa, nikakalishwa chini, mikono kichwani. Kreti zote zikateremshwa na kupangwa kando ya barabara. Mmoja wao akaita kwenye redio yake akisema wamemkamata mtu mwenye kitu ambacho hataki kukitaja. Gari lingine la wanajeshi likaja. Akashuka ofisa, akasimama mbele yangu na bastola mkononi, akasema ananiuliza kwa mara ya mwisho. Niliogopa, Bwana Mkurugenzi, na sioni haya kusema hivyo. Nikamwona Carmen akiwa mjane. Nikafunga macho, nikalitamka jina la mama mkwe wangu kwa sauti kubwa, hadharani, kando ya barabara kuu ya kusini.

Ofisa alicheka. Bariyeri nzima ilicheka. "We mujinga, si ungesema tu!" wakaniambia, kisha kila mmoja akachukua yake, wakamfungua, wakamnywa mbele yangu huku wakimsifu kwa jina. Nilipoinua macho, Shaabani alikuwa amekwisha kurudi kutoka migombani na amesikia kila kitu. Shaabani ana moyo mzuri sana, lakini habari ikimwingia haimalizi saa moja tumboni mwake.

Niliporudi nyumbani kutoka Ruziba, Shaabani akiwa amenitangulia mjini na gari lake, nikakuta Carmen amechukua mtoto, sufuria kubwa na redio, ameenda kwa mama yake. Alimwachia jirani ujumbe wa maneno machache: "Mwambie mama amechoka na zarau yake." Sikuhitaji kuuliza ni dharau gani. Nilituma kuku wa kuomba msamaha, kama desturi inavyotaka kwa mkwe aliyeteleza ulimi. Kuku alirudishwa akiwa hai, na maneno kwamba shida si kuku. Sasa naishi naye. Anapanda juu ya kiti cha Carmen na sina nguvu ya kumfukuza.

Nyumba imenyamaza, Bwana Mkurugenzi. Nampenda mke wangu. Nakuambia wewe usiyenijua kwa sababu hapa hakuna mwingine wa kumwambia, na kwa sababu wewe ndiye uliyemtoa nyumbani kwangu kwa kopo la rangi nyekundu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba yote kwa pamoja.

Kwanza, jina lifutwe kwenye chupa na liwekwe lingine. Ukikosa la kuweka, weka la mama mkwe wako mwenyewe, kisha uende Bwiza uagize moja mbele ya watu, tuone. Au liwekwe langu. Mwanangu bado mdogo, mimi si baba mkwe wa mtu yeyote duniani, kwa hiyo jina Adolphe halina mtu wa kuliogopa na linaweza kutumika miaka ishirini bila kumkera mtu. Sitadai kitu, ila picha iwe na miwani.

Pili, wakati rangi mpya inatafutwa, ukuta wa kiwanda ufunikwe kwa turubai upande ule ninaopita, na malori yenu yakifika mtaani kwangu yapite kinyumenyume, maana nyuma hakujaandikwa.

Tatu, litumwe gari lenye kipaza sauti mji mzima, litangaze kwamba kinywaji kilichokuwa kikiitwa hivyo hakiitwi tena hivyo. Najua mtangazaji atalazimika kulitaja jina mara nyingi ili watu waelewe lipi limekatazwa. Siku hiyo mimi nitakwenda Uvira, kama ziwa litakuwa na usalama.

Nne, ikiwa kinywaji hakiwezi kubadilishwa jina, basi abadilishwe mama mkwe wangu. Nimeuliza kwenye ofisi ya serikali. Wameniambia inawezekana, lakini ni lazima yeye mwenyewe afike, ataje jina analoliacha na aeleze sababu, na wakapendekeza kwamba mtu anayefaa kwenda kumshawishi ni mimi. Nimeirudisha kazi hiyo kwako.

Tano, usipojibu, sitakwenda mahakamani, maana huko karani husoma majina kwa sauti. Nitalipeleka jambo hili Arusha, ambako wakubwa wetu wamekaa wakizungumzia amani ya nchi. Nasikia wamebishana sana kuhusu nani akae kiti gani, kwa hiyo watakuwa wameona kiu. Nitawauliza watu hao watatuletaje amani ya Burundi nzima wakati mkwe mmoja hawezi kukaa nyumba moja na mke wake kwa sababu ya soda. Wakishindwa kunijibu, itajulikana kwamba mazungumzo yalivunjikia kiwandani kwako.

Namaliza hapa. Nisalimie Madamu Prudence na kalamu yake, wapishi wa sharubati, walinzi wa lango, dereva wa lori mwenye kofia ya majani, na wakulima wote wa marakuja huko Ruziba, ambao hawana kosa. Nisalimie pia mama mkwe wako. Mungu amzidishie maisha marefu mbali na viwanda.

Ni mimi mwombaji wako, mkwe mwenye kiu,

Adolphe
Wakala wa forodha, Bandari ya Bujumbura

N.B. Kabla ya kufunga bahasha niliipeleka barua hii Buyenzi, ili Carmen anisahihishie kabla Madamu Prudence hajaiona. Carmen aliisoma kwa sauti, na mama yake alikuwa ameketi nyuma ya pazia. Sasa imenibidi niongeze maneno yanayofuata. Ni ya mama mkwe wangu, na mkono ni wa Carmen, kwa sababu wangu haukuweza.

"Direkta, mi ndiye Adélaïde. Usisikie maneno ya mukwe wangu, ni mutu muzuri lakini anafikiri sana. Ni mi mwenyewe nilikuja kwa ofisi yako, ukaniuliza kama nakubali, nikakwambia andika, na uandike kubwa. Yeye sikumwambia, sababu angelia.

Kutaja si kosa. Mutu akikuwekea bunduki, utataja na bibi ya bibi yako. Mi nilikasirika juu ya kitu moja tu. Muji nzima inakunywa, basoda wenye bunduki ku bariyeri wanakunywa, padri anakunywa, lakini mukwe wangu akikuja kwangu anageuza chupa anaomba maji. Kila mara, maji! Mi nikasema uyu mutu anaona kazi yangu ni uchafu. Nikaona bibi arusi mugeni wa Ruziba atakunywa, na mume wa mutoto wangu aonje apana. Ikaniuma. Kumbe ilikuwa heshima! Mutu anaheshimu mpaka anakuumiza roho, na we ujue apana.

Sasa nimemukalisha hapa. Amekunywa. Ya kwanza alifunga macho kama anakunywa dawa ya kinini. Ya pili ameiomba mwenyewe. Carmen na mutoto wanarudi kwake leo.

Jina usiitoe, Direkta. Ndani ya vita iyi nimeona majina ya watu yangu ikiandikwa ku misalaba. Ya mume wangu iko pale. Ya kijana wangu mukubwa iko pale. Yangu imeandikwa ku chupa, na mi ningali muzima, na watu wanaiita wakicheka. Iache.

Adélaïde."